Upande wa Kushoto wa Mama Mutindi

Mtaani kwetu Kwa Ndululu hakuna mtu anayesimama upande wa kushoto wa Kanyiva. Hakuna aliyewahi kuiweka kuwa sheria. Mvua za Novemba zikitukuta sokoni, sote tukabanana chini ya veranda ya duka langu la ushonaji, watu watakanyagana vidole na kugombania nafasi kwa viwiko, lakini kushoto kwa Kanyiva patabaki wazi, mahali pa kumtosha mtoto mdogo, na hakuna atakayesema kwa nini.

Wageni ndio hukosea. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa shule yetu ya msingi alisimama pale siku ya mkutano wa wazazi, maombi yakianza. Kabla ya amina alikuwa amerudi nyuma kabisa, karibu nami, anajifuta kiganja kwenye suruali. Nilimuuliza ana nini.

"Kuna mtoto amenishika mkono," alisema. "Mkono wake unanata, ni kama alikuwa anakula embe."

Nikamwambia hakuna mtoto pale. Akanionyesha kiganja, nacho kilikuwa kikavu. Ulikuwa mwezi wa Agosti, wakati ambao huwezi kupata embe bivu popote huku kwetu. Nilipompasha Kanyiva habari hiyo, kwa utani kidogo, hakucheka. Alisema tu, "Alikuwa anakula embe," akaendelea kufungasha muthokoi wake, mahindi ya kutwanga anayouza.

Mimi naitwa Wacuka. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakiwa vijana, wakafungua duka Sultan Hamud, nami nikazaliwa huku. Nikuudhi au uniudhi, matusi yatanitoka kwa Kikamba. Nina cherehani mbili na hasira za kutosha mtaa mzima. Mambo ya mizimu siyapendi. Mtu akiniletea habari za paka aliyesema au mti uliolia, humwambia anipe kitambaa nishone ama aondoke. Kwa hiyo ninayosimulia ni yale niliyoyaona mwenyewe, na pale ambapo sikuona nitasema sikuona.

Kanyiva alizaliwa Kathonzweni, kwenye shamba la mbaazi na pojo, akaolewa na Ndeti, mfanyakazi wa reli. Ndeti alipofariki alibaki katika nyumba ya mabati iliyo kando ya uwanja wetu, akatwanga mahindi kuyatoa maganda, akawauzia wenye hoteli za kando ya barabara. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiye na haraka. Anapenda kuitwa Mama Mutindi, na sote humwita hivyo, ingawa hakuna aliyemwona Mutindi kwa miaka mingi. Yeye pia ndiye muombaji wetu. Mkutano wa shule, harusi, msiba, Kanyiva ataombwa kuomba, na akiomba hata makanga wa matatu hupunguza muziki.

Ila haombi kama sisi. Hafumbi macho wala hainui mikono. Husimama wima, mkono wa kulia kifuani, wa kushoto umening'inia, vidole vimekunjwa kidogo. Macho yake hutembea juu ya vichwa vyetu hadi barabarani, kisha hurudi chini, upande wa kushoto. Pasta Nzioka alimkemea siku moja mbele ya watu, akasema maombi ya macho wazi ni dharau. Kanyiva alimjibu kwa heshima.

"Pasta, Mungu halali. Aliyelala ni mimi, mara moja tu."

Sababu aliniambia mwenyewe, dukani kwangu, mchana, nikimshonea pindo za leso mpya. Zamani, kabla uwanja haujafyekwa, kulikuwa na mkutano wa maji pale pale. Mutindi alikuwa na miaka minne, amesimama kushoto kwa mama yake na embe mkononi. Mhubiri akasema watu wainue mikono wafumbe macho. Kanyiva akauachilia mkono wa mtoto, akainua yake yote miwili, akafumba. Maombi yalikuwa marefu, na mazuri, alisema. Alipofumbua macho alisikia breki za lori.

"Nilimwachilia ili nimshukuru Mungu kwa ajili ya maji," alisema. Machozi hayakumtoka. Mimi ndiye niliyelia, nikachoma kidole kwa sindano, na ile leso nililazimika kuifumua nikaishona upya.

Baada ya ajali ile wanawake wa mtaa waliunda mwethya, kundi la kazi ya pamoja kama lile la kuchimba matuta mashambani, wakaufyeka uwanja ule, wakang'oa visiki, wakapanda miti ya kivuli upande wa barabara ili watoto wasikimbilie huko. Tangu siku hiyo watoto wa shule hupita hapo, soko la kuku hukaa hapo, na misiba yetu hukusanyika hapo. Kanyiva huufagia uwanja kila asubuhi. Hakuna aliyemwomba, na hakuna anayethubutu kumwambia aache.

Halafu mji wetu ukapandishwa hadhi ukawa manispaa. Tulishangilia kama wajinga. Tulifikiri manispaa ni taa za barabarani na gari la takataka. Kitu cha kwanza tulichoona kutoka kwake ni vigingi. Vilipigwa kuuzunguka uwanja, kila kimoja na kitambaa chekundu, na mlinzi akaletwa kuvilinda. Tukasikia kwamba pale patakuwa maegesho ya matrela yanayokwenda Mombasa.

Kesho yake asubuhi vigingi vilikuwa vimeng'olewa. Havikuibwa wala kutupwa. Vilikuwa vimesimamishwa katikati ya uwanja, duara dogo, na mlango mdogo umeachwa, kama watoto wa kike wanavyopanga nyumba yao ya kuchezea. Mlinzi aliapa hakulala na hakuona mtu. Vikapigwa tena. Asubuhi vikakutwa katikati, duara lile lile, mlango ukitazama shule. Mlinzi akaacha kazi. Afisa mipango wa manispaa, kijana mmoja nadhifu aitwaye Mutisya, alikuja akatugombeza, akasema wahuni wa mtaa watashtakiwa. Hakuna mhuni aliyekuwa na wakati wa mchezo huo. Nililitazama lile duara kwa karibu na nikaona mafundo ya vitambaa yamefunguliwa yote, vitambaa vimetandikwa chini ndani ya duara, vimepangwa vizuri, kama mikeka. Nywele zilinisimama, nakiri.

Ndipo mtaa ukaamka. Musyimi, mwenye bucha, alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa kwa sababu ana sauti kubwa na haogopi mtu aliyevaa tai. Manispaa walitualika kutoa maoni yetu hotelini, upande wa pili wa mji, na chai na mandazi juu.

"Sisi hatuendi hoteli," Musyimi aliwaambia. "Hii mambo ni ya hapa, wakuje hapa. Wakae kwa hii jua yetu wasikie."

Kanyiva alipita mlango kwa mlango, kila mtu akimpisha upande wake wa kushoto hata kwenye vichochoro. Alichowaambia watu kilikuwa kifupi: mji usiojua watoto wake wanapita wapi haujui kitu, na uamuzi wowote juu ya mtaa ufanywe mtaani, watu wakiwepo. Nilifuatana naye siku mbili hivi. Njiani nilikuwa nikisikia kandambili nyuma yetu, ndogo ndogo, za haraka haraka. Niligeuka mara nyingi. Sikuona mtu.

Manispaa wakakubali, wakaja. Mutisya alileta viti vya plastiki, kipaza sauti na mpiga picha. Alituambia maendeleo hayangoji.

"Hizi trela zitawaletea biashara," alisema. "Mtauza chai, mtauza mayai, mtauza kila kitu."

"Chai tunauza tayari," Kanyiva alimjibu. "Na nyinyi mnakunywa. Hizi trela zitapita juu ya watoto."

Walisimama wengi, wakasema hivyo hivyo, kila mmoja kwa namna yake. Hakuna hata mmoja aliyeutetea mradi, na Mutisya alisema amesikia. Kisha Pasta Nzioka akaitwa kufunga kwa maombi. Akatuambia tusimame, tufumbe macho, tumwinulie Bwana mikono. Tukainua sote. Ndivyo tunavyoomba huku kwetu, mikono juu hadi mabega yaume, na Pasta akishaanza si wa kumaliza leo. Nilifumba macho kama wengine.

Muda ulipita. Siku moja Musyimi alikuja dukani kwangu anatweta, akaniambia niende nikaone ubao wa matangazo wa manispaa. Nilikwenda. Palikuwa na picha kubwa ya rangi. Sisi sote, mtaa mzima, mikono juu. Chini yake wameandika kwamba wakazi wa Kwa Ndululu wameunga mkono ujenzi wa maegesho ya malori, na kwamba mkazi mmoja pekee ndiye ambaye hakuinua mkono.

Mkazi huyo alikuwa Kanyiva, katikati ya umati, mikono chini, anaitazama kamera.

Nilitukana kwa Kikamba, kisha kwa Kikuyu, nikamalizia kwa Kiswahili ili askari wa getini naye asikose. Halafu nikaisogelea ile picha, hasira zikanipungua, kitu kingine kikaja mahali pake. Leso ya Kanyiva nilikuwa nimeishona pindo mwenyewe. Leso huning'inia. Watu wote pichani nguo zao zimelala, hakukuwa na upepo siku ile, lakini ncha ya kushoto ya leso ya Kanyiva ilikuwa imevutwa kwa pembeni, imekazwa kabisa, kwenye kimo cha mtoto wa miaka minne. Na pale penye ile ncha, kwenye nafasi ambayo huachwa siku zote, nyasi zilikuwa zimelala, kama zimekanyagwa.

Kanyiva aliisikia habari ile akiwa anatwanga. Aliweka mchi chini, akakaa kando ya kinu.

"Aliyepiga picha nilimwona," alisema. "Alipanda juu ya benchi wakati wa maombi. Nikadhani ni kumbukumbu anataka. Wacuka, mimi nikifanya kazi, yeye hucheza pale uwanjani. Hiyo tu ndiyo nafasi yake. Wakileta malori atagongwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilifumba macho. Mara ya pili nitasema nini?"

Niliogopa, na nilimwonea huruma. Nilijua sitamwambia mtu yeyote tena kwamba hakuna mtoto.

Wazo la kwenda ofisini lilikuwa la kamati, lakini namna ya kwenda ilikuwa ya Kanyiva. Siku ya kazi, asubuhi, mtaa mzima ulifunga maduka ukaenda manispaa. Hatukuimba, hatukubeba matawi wala mabango. Tuliingia uani, tukajipanga kama tulivyokuwa kwenye picha, kila mtu mahali pake, tukainua mikono, tukafumba macho. Tukanyamaza. Katikati alisimama Kanyiva, mikono chini, macho wazi, akayatazama madirisha.

Nimehudhuria maandamano ya kila aina, ya maji, ya bei ya unga, na sijawahi kuhudhuria yaliyotisha kama yale. Hata watoto wachanga mgongoni hawakulia. Nilisikia mashine za ofisini zikizimwa moja moja. Nilisikia dirisha likifungwa, na mwanamke ndani akiuliza kwa sauti ndogo hawa watu wamekuwaje. Mabega yaliwaka moto. Hakuna aliyeshusha mkono.

Hatimaye viatu vilishuka ngazi. Ilikuwa sauti ya Mutisya. "Mnataka nini?"

Hakuna aliyejibu. Aliuliza tena, na safari hii sauti yake ilikuwa imepoteza ule unadhifu wake. Musyimi akamjibu bila kufumbua macho.

"Tunaunga mkono. Si ndivyo mliandika?"

"Mnaunga mkono nini mkiwa mmefumba macho?"

"Hiyo jiulize wewe," Musyimi alisema. "Kwa ile picha yako, ni nani amefungua macho?"

Nilifumbua jicho moja. Sikuweza kujizuia. Mutisya alikuwa anapenya katikati yetu kumwendea mtu pekee aliyekuwa akimtazama. Alifika kwa Kanyiva, akasimama upande wake wa kushoto, akafungua mdomo aseme jambo. Halikutoka. Alitazama chini, kwenye mkono wake wa kulia. Akauvuta polepole, kama mtu anayejitoa bila kutaka kumwumiza mwingine, akaufuta kwenye koti. Akaufuta tena. Uso wake ulikuwa umekauka damu.

"Mama," alimwambia Kanyiva, "huyu ni wako?"

"Ni wangu," Kanyiva alisema. "Pale unataka kuweka trela, ndipo anacheza."

Mutisya alisema hapo hapo kikao kirudiwe, uwanjani, na kura ipigwe watu wakiwa macho. Wakubwa wake walijaribu kuuliza sababu. Sijui aliwajibu nini. Najua kwamba ile picha iliondolewa ubaoni siku ile, na kwamba koti lile hakulivaa tena.

Kikao cha pili kilifanyika mwezi wa Septemba, jua kali, vumbi jekundu mpaka puani. Mutisya aliuliza ni nani anataka maegesho ya malori yajengwe hapa uwanjani. Mikono yote ilibaki chini. Nilitazama kulia na kushoto nikaona watu wameshikana viganja ili asitokee wa kujisahau. Akauliza ni nani anataka uwanja ubaki wa watoto, uwekewe ua upande wa barabara, na malori yatafutiwe mahali nje ya mji. Mikono ikapanda. Kanyiva peke yake hakuinua. Alimwambia Mutisya, "Kura yangu ihesabu, lakini mkono siwezi kuuinua," naye akaandika bila kuuliza. Akaongeza kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wakubwa waliokuja naye, kwamba kuanzia siku hiyo jambo lolote la mtaa huu litaamuliwa mtaani. Tulipiga makofi, lakini si sana. Tulikuwa tumechoka, na nadhani sote tulikuwa tukiutazama upande mmoja.

Ikabaki kufunga. Pasta Nzioka alisogea mbele, akasimama, akageuka. "Mama Mutindi," alisema, "leo ufunge wewe."

Kanyiva aliweka mkono wa kulia kifuani, wa kushoto ukaning'inia. Watu wakaanza kufumba macho kwa mazoea. Sijui nilitoa wapi ujasiri, labda ni zile hasira zangu ambazo safari hii zilipata kazi nzuri. Nikasema kwa sauti watu wote wasikie.

"Mama Mutindi, leo wewe fumba. Sisi tutatazama."

Kanyiva alinitazama kwa muda mrefu. Kisha alitazama barabarani, na Musyimi akaenda akasimama upande huo, na wenzake wa bucha wakamfuata, halafu wanawake wa mwethya, mpaka barabara haikuonekana tena kwa miili ya watu. Macho yao yote yalikuwa wazi. Ndipo nikaona kope za Kanyiva zikishuka, zikatetemeka, zikakaa.

Alianza kuomba. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya maji. Maji hayakuwa hoja ya siku ile, na hakuna aliyemsahihisha.

Mimi nilitazama leso. Ncha ya kushoto ilikuwa imevutwa, imekazwa, kama kwenye ile picha. Halafu ikalegea. Ikaanguka, ikalala kwenye paja lake kama leso ya mtu mwingine yeyote. Mkono wa Kanyiva ulisogea kidogo, kama unaotafuta kitu, vidole vikafunguka, lakini macho hakuyafumbua.

Na sasa nitasema nilichokiona na nisichokiona. Sikuona mtoto. Niliona kuku wa soko waliokuwa wakidonoa kule nyuma ya viti. Mmoja aliruka pembeni, akapiga kelele, kisha wa pili, kisha kuku mwenye vifaranga akawavuta vifaranga wake kando, mmoja baada ya mwingine, kama wanaompisha mtu anayekimbia, na mstari huo ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye geti la shule. Geti ni bovu, husukumwa kwa nguvu. Lilifunguka kidogo, likarudi.

Kanyiva alikuwa amenyamaza katikati ya maombi, macho bado amefumba.

"Wacuka," alisema, "amepita wapi?"

"Upande wa shule, Mama Mutindi," nilimjibu. "Hakwenda barabarani."

Aliitikia kwa kichwa. Akauinua mkono wa kulia, akauinua na wa kushoto, juu kabisa, akaendelea kuomba mahali alipokuwa ameachia. Mimi nikasogea, nikasimama kushoto kwake.